Mwacheni mtoto aikatize hadithi

"Mwalimu, mmoja yuko chini ya kinu!"

Sauti ilitoka safu ya pili, kwa mtoto wa miaka mitano aliyevaa sweta la kaka yake, mikono imekunjwa mara tatu. Mwalimu wa darasa la awali alikuwa amefika ukurasa ambao kuku anawahesabu vifaranga wake jioni, kabla ya kuingia bandani. Maandishi yalisema wote sita wapo. Mchoraji naye alikuwa na lake: alichora watano wamejipanga nyuma ya mama yao, na wa sita akamwonyesha mkia tu, unachungulia chini ya kinu kilicholazwa uani. Hakuna mstari uliotaja kinu. Mtoto yule alikigundua mwenyewe.

"Shh! Nyamaza, tutafika huko," mwalimu akasema, akafunua ukurasa.

Hawakufika, maana maandishi hayakupita huko. Kitabu kikaisha, likaja swali: "Haya, hadithi hii inatufundisha nini?" Darasa zima likaitika, "Tuwatii wazazi wetuuu!" Jibu hilo lingeitikwa vilevile hata kama hadithi ingehusu baiskeli iliyopata pancha. Wakapiga makofi ya kilo, kitabu kikarudi kabatini, ufunguo ukarudi kwa mwalimu mkuu.

Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, kwenye kiti cha plastiki nilicholetewa kutoka ofisini, na sitaki mtu adhani namsema vibaya mwalimu yule. Alikuwa peke yake na watoto sabini na kitu, wakati mwongozo wa serikali unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Uji ulikuwa umechelewa. Na alisoma vizuri, kwa sauti iliyofika mpaka dirishani. Wapo wengi wasiosoma kabisa. Lakini ule mkia wa kifaranga haujanitoka kichwani tangu siku hiyo, kwa sababu unaonyesha tunapokosea tunapowasomea watoto wadogo vitabu vya picha. Tunavisoma kama tangazo la mkutano wa kijiji: mmoja anasema, wengine wanasikiliza, mwenye swali angoje mwisho. Na mwisho ukifika, anayeuliza ni yule yule aliyekuwa akisoma.

Chanzo kimoja ni vitabu tulivyosomea sisi. Katika kitabu cha kiada picha ni mtumishi wa maneno. Maandishi yakisema "Baba analima", pembeni yupo baba na jembe. Yakisema "Hii ni meza", meza hiyo hapo. Tukazoea kuiona picha kama pambo, kitu cha kumwonyesha mtoto haraka haraka ukishamaliza kusoma. Kitabu cha picha kilichotungwa vizuri hakiendi hivyo. Kina wasimulizi wawili, na mara nyingine hawapatani. Maneno yanaficha, picha inatoboa siri. Utani wa kinu unafanya kazi kwa yule tu ambaye sikio lake limesikia "sita" na jicho lake limehesabu watano. Watu wazima tulikuwa wawili darasani, na hakuna kati yetu aliyeuona mkia ule mpaka mtoto alipopaza sauti.

Mwaka 2005 watafiti wawili wa Kanada, Mary Ann Evans na Jean Saint-Aubin, walichapisha matokeo ya kupima macho ya watoto wadogo yanatazama wapi wanaposomewa kitabu. Walikuta kwamba karibu muda wote macho yako kwenye picha, na maandishi hayaangaliwi kabisa au yanaguswa mara moja moja. Wako waliozipokea habari hizo kwa huzuni, wakasema kumbe kusomewa hakumfundishi mtoto herufi. Mimi naona zinaeleza kazi kubwa inayofanyika kichwani mwake. Sikio liko kwa mwalimu, jicho liko kwenye picha, na mtoto anaviunga hivyo viwili hapo hapo. Akiona vimegongana, ulimi unamwasha. Ukimwambia anyamaze wakati huo, aliyekatizwa ni yeye.

Najua nitakachojibiwa: kwetu mtoto mwema hamkatizi mkubwa anaposema. Ni adabu nzuri, nimelelewa nayo, na wanangu nawadai hiyo hiyo mezani. Ila wazee wetu waliipa likizo wakati wa hadithi. Mtambaji hakuweza hata kuanza bila ruhusa ya wasikilizaji. "Paukwa!" anaita, nao wanaitika "Pakawa!" Kwingine ni "Hadithi, hadithi!" na jibu lake "Hadithi njoo, utamu kolea!" Ikiitikiwa kilegevu, bibi anagoma mpaka iitikiwe tena kwa nguvu. Katikati kuna wimbo, na sungura havuki mto mpaka watoto wauimbe. Halafu yupo mjukuu mmoja msumbufu, kila ukoo unaye, anayesema, "Lakini bibi, jana ulisema fisi alikufa," na bibi analazimika kueleza fisi amefufukaje. Kimya cha darasani kilikuja na shule, pamoja na madawati ya safu na amri ya "kidole mdomoni!" Kinachonichekesha ni kwamba walimu wengi wa awali bado wanaanza na Paukwa. Wanamfungulia mtoto mlango, kisha wanaufunga akiwa bado kizingitini.

Wenzetu wa Marekani walilifikia jambo hili kwa njia ya vipimo. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya na wazazi wa watoto wa miaka miwili hivi. Wazazi wote waliwasomea watoto wao vitabu vya picha nyumbani. Kundi moja lilielekezwa namna ya kusoma: uliza swali ambalo haliishii kwenye "ndiyo", mtoto akijibu rudia alichosema ukikiongezea kidogo, mpe nafasi zaidi ya kusimulia kadiri anavyozidi kukijua kitabu. Kundi la pili lilisoma kama lilivyozoea. Baada ya mwezi mmoja tu, watoto wa kundi la kwanza walikuwa wakisema sentensi ndefu zaidi, na walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya lugha. Muda wa kusoma haukuwatofautisha. Walitofautiana katika nani alikuwa akizungumza.

Kuna jingine dogo zaidi, na kwangu ndilo gumu kuliko yote. Miaka ya 1970 Mary Budd Rowe, mwalimu wa sayansi huko huko Marekani, alipima muda ambao walimu wanasubiri baada ya kuuliza swali. Ilikuwa kama sekunde moja. Walipojizuia mpaka sekunde tatu, majibu yalirefuka, na watoto waliozoea kukaa kimya wakaanza kusema. Sekunde tatu ni chache ukizisikia hivi. Jaribu kuzikaa mbele ya watoto hamsini. Utajikuta umejibu mwenyewe, au umesema "Tena? Nani mwingine?" kabla hata wa kwanza hajafungua kinywa.

Nimewahi kumwona mtu anayeziweza. Ni mama wa makamo katika shule ya vidudu ya mtaani, na sidhani kama amewahi kusikia majina ya watafiti hao. Anakaa kwenye kigoda, watoto kwenye mkeka. Kitabu anakishika usawa wa sikio, kurasa zimewaelekea wao, yeye anasoma kwa kupinda shingo kama anayechungulia mlangoni. Anasoma sentensi mbili, ananyamaza, kisha anaitazama picha kana kwamba nayo anaiona leo. "Mh!" anasema. Basi.

"Mwalimu, huyo paka anataka samaki!"

"Anataka samaki?"

"Eeh, ona macho yake!"

"Macho yake yamefanyaje?"

"Yamekuwa... membamba."

"Yamekuwa membamba. Anamvizia samaki." Akafunua ukurasa, akaendelea kusoma.

Hakuandika "kuvizia" ubaoni, wala hakuwaambia warudie baada yake. Muda wa uji ulipofika, nikasikia malalamiko kutoka kwenye foleni: "Mwalimu, huyu ananivizia kikombe changu!" Mkaguzi angeingia dakika hiyo asingeona ushahidi wowote wa somo. Na hapo ndipo ilipo taabu ya kusoma kwa sauti. Hadithi haiachi alama kwenye daftari. Mzazi anayelipa ada anafunua daftari jioni akitafuta ukurasa uliojaa herufi "a" na vema nyekundu ya mwalimu, na akikuta kurasa tupu anaamini mwanawe ameshinda akicheza. Baadhi ya shule za binafsi zina usaili wa kuingia darasa la kwanza, na usaili hauulizi paka alikuwa anawaza nini.

Hofu hiyo ina msingi, sikatai. Tathmini za Uwezo, mpango wa kuwapima watoto kusoma na kuhesabu, zilizoanza kwetu Tanzania mwaka 2010, zilitufungua macho kuhusu watoto wengi wa darasa la tatu wasioweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukaelekezwa kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, zile K tatu. Ulikuwa uamuzi wa maana. Lakini shinikizo lake limeteremka mpaka awali, kwa watoto wa miaka mitano, na hadithi ikawa kitu cha kufanywa muda ukibaki.

Kiswahili kimetupendelea kwenye herufi. Kila herufi inasema kile inachosema, haina hila. Mtoto akizishika irabu tano, akaziunga ba-be-bi-bo-bu, siku si nyingi atalitamka neno lolote utakalomwandikia, hata asilolijua maana. Herufi zinafundishika. Ambacho silabi haziwezi kumpa mtoto ni lugha yenyewe inayokaa ndani ya hadithi. Hebu sikiliza tunavyozungumza na watoto nyumbani: njoo, kaoge, acha hiyo, kalale, nani kamwaga maji? Ni amri na mashtaka matupu. Ni nani anamwambia mtoto wa miaka mitano, "Kuku hakuwa amefika mbali alipokumbuka kuwa mlango wa banda umeachwa wazi"? Au "Laiti angalijua, asingalikwenda"? Sentensi za namna hiyo zinaishi vitabuni na midomoni mwa mabibi, na mabibi wengi sasa wako mbali na wajukuu. Mtoto asiyezisikia akiwa na miaka mitano atakutana nazo darasa la nne kwenye maandishi tupu, bila picha ya kumsaidia.

Kwa mtoto wa Shinyanga au Dodoma vijijini, anayeingia shuleni na Kisukuma au Kigogo chake, jambo hili ni zito mara mbili. Kiswahili anachokutana nacho darasani kwanza ni cha kuamriwa: kaa, simama, panga mstari. Kitabu cha picha kinaweza kuwa mahali pa kwanza anapokutana na Kiswahili kinachosimulia, kinachotania, kinachohurumia. Naye atakatiza kwa lugha ya kwao, kwa sababu ndiyo iliyo karibu na ulimi. Mwalimu anayeielewa aipokee, amrudishie jibu kwa Kiswahili, aendelee. Mtoto aliyeunyooshea kidole mkia wa kifaranga na kuutaja kwa Kisukuma ameelewa hadithi kuliko anayeimba "tuwatii wazazi".

Halafu tuna tanakali za sauti, utajiri ambao mara nyingi tunausoma kama namba za simu. Chura katumbukia, chubwi! Embe limeanguka, pu! Giza totoro, meno meupe pepepe. Mwalimu asiyejiona mwigizaji hahitaji kuigiza. Afike kwenye "chu..." aishie hapo, watoto watamalizia.

Watu wazima tunachoka kusoma kitabu kile kile, nami ni wa kwanza. Walimu nao wana presha ya kumaliza, kila siku hadithi mpya, kwa hiyo kila siku watoto ni wageni. Siku ya kwanza mtoto anafuata kisa tu, nani kafanya nini. Siku ya pili anaanza kuzurura kwenye picha. Siku ya tatu anajua kinachokuja, na hapo ndipo anapokuwa na la kusema. Tena kuna kitu kitabu kinampa ambacho bibi hakuwa nacho. Hadithi ya bibi ilibadilika kila usiku, na utamu wake ulikuwa huo. Ya kitabu haibadiliki. Ruka sentensi moja kwa sababu umechoka, utasikia, "Mwalimu, umeruka!" Mtoto huyo hajui kusoma hata silabi moja, lakini ameshagundua kwamba maneno yanakaa kwenye karatasi na hata mwalimu hana ruhusa ya kuyahamisha. Sijui somo la herufi linaloweza kulifundisha hilo kwa wepesi huo.

Sasa wale sabini. Kitabu cha ukubwa wa daftari hakionekani kupita safu ya tatu, hata ukikinyanyua juu kama kombe la mpira. Tangu Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipoondoa ada na michango, watoto wamemiminika, na madarasa ya awali yamepokea sehemu yao. Don Holdaway, mwalimu wa New Zealand, alilikabili suala la kuonekana miaka ya 1970 kwa kutumia vitabu vilivyokuzwa, ili darasa zima lione kama mtoto mmoja anavyoona akiwa mapajani mwa mama. Kwetu nimeona vya manila na maka peni vilivyogandishwa kwenye boksi la sabuni, kuku amechorwa kama bata, na hakuna mtoto aliyelalamika. Hata hivyo, mimi ningeligawa darasa kabla ya kukikuza kitabu. Nusu wabaki nje na makopo na mchanga, wakiangaliwa na mama mpishi wa uji au mzazi wa zamu, nusu waingie wasikie, kisha wabadilishane. Watoto thelathini wanaweza kukatiza na hadithi ikaendelea. Mia moja hawawezi, na hapo ufundi wa mwalimu umefika mwisho. Tutakuwa tunazungumzia bajeti.

Neno kuhusu vitabu vya msaada, vile vinavyokuja kwa maboksi kutoka ng'ambo, vyenye theluji, dubu aliyevaa aproni na sanduku la barua mbele ya nyumba. Mimi sina ugomvi na theluji. Mtoto wa Mbagala akiiona atauliza kama ni unga au pamba, na hayo ni mazungumzo tayari. Shida inaanza pale mwalimu anapoyasoma maneno yake kwa Kiingereza kwa watoto wasiokijua, mstari kwa mstari, nao wakirudia kama dua. Hawawezi kukatiza lugha wasiyo nayo. Kifungue, funika maandishi, simulia picha kwa Kiswahili. Utakuwa umekitendea haki zaidi kuliko aliyekisoma chote.

Na siyo kwamba vya kwetu havipo kabisa. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza Tanzania mwaka 1991, ukiwasaidia wachapishaji wa ndani kutoa vitabu vya Kiswahili na kuvifikisha shuleni. African Storybook, iliyozinduliwa Afrika Kusini mwaka 2014, ina hadithi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na zinapakuliwa na kuchapishwa bure. Ni chache ukilinganisha na watoto tulio nao, na kuchapa kwa rangi ni ghali. Lakini kabla ya kulilia uhaba, ingefaa tulifungue lile kabati la ofisi ya mwalimu mkuu. Nimeingia ofisi kadhaa, na kila mara naonyeshwa kwa fahari: vitabu vimepangwa, vimevalishwa nailoni, havina hata kunyanzi. "Tunavitunza, watoto wanachana," naambiwa. Mwalimu mkuu ana sababu, kwani kikipotea ataulizwa yeye. Hakuna anayemuuliza kwa nini hakijachakaa.

Yule mama wa kigoda vyake vinakaa kwenye ndoo pembeni ya mkeka. Kile cha paka kimeshonwa uzi mgongoni baada ya gundi kuachia, jalada ni la boksi la biskuti, na kurasa mbili zimeshikiliwa na selotepu iliyogeuka rangi ya chai. Nilikifungua watoto walipotoka. Kurasa nyingi zilikuwa bado na rangi yake, ila kwenye ile picha ya paka na samaki, pale macho yalipokuwa, karatasi imechubuka na kuwa nyeupe kwa kuguswa na vidole.